Sura ya Saba: Paka Alaye Asinone

Katika kata ya Itaka, kama katika sehemu nyingi za wilaya ya Mbozi ambako mahindi, maharage na kahawa ndiyo riziki ya watu, paka hafugwi kwa ajili ya mapambo wala kwa kupakatwa, bali ni mtumishi wa nyumba aliyekabidhiwa kihenge, na ujira wake ni makombo ya ugali, vichwa vya dagaa na ruhusa ya kulala jikoni karibu na mafiga wakati baridi ya Juni na Julai inaposhuka juu ya nyanda hizo. Utumishi huo aghalabu haudumu. Paka akila panya aliyekula sumu hufa naye, mbwa humrarua, lori liendalo Tunduma halimwoni, na watoto wake wengi hufa kwa mafua na kuhara kabla hawajatimiza mwaka. Basi yule mmoja anayeokoka katika mitihani yote hiyo akafikia umri wa miaka 12 au 14 huwa ni nadra, na kwa kuwa ni nadra, watu hawana mazoea ya kumtazama paka mzee, wala hawajui lipi katika mwenendo wake ni la uzee na lipi ni la maradhi. Akikonda husemwa kuwa amezeeka. Akilia usiku husemwa vilevile, au husemwa jambo baya kuliko hilo, maana paka aliaye usiku wa manane karibu na nyumba yenye mgonjwa hana wakili.

Kuna ugonjwa mmoja wa paka wazee ambao, kwa jinsi dalili zake zinavyokwenda kinyume na matazamio ya mtu, hufichwa na dhana hiyo ya uzee kuliko ugonjwa mwingine wowote: mnyama hula kwa pupa kushinda alivyokula ujanani, na kadiri anavyokula ndivyo anavyokonda. Asili ya ugonjwa huo ni tezi ya thairoidi, kiungo kidogo chenye mapande mawili yaliyolala kushoto na kulia kwa koo la pumzi, chini kidogo ya koromeo, ambacho kwa paka mzima hata mkono wa fundi hauwezi kukipapasa.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba bwana mifugo amefika Itaka kwa chanjo ya ng'ombe, na bibi mmoja amemngoja njiani akiwa na paka ndani ya kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Najua umekuja kwa ng'ombe, lakini nitazamie na huyu. Anakula kushinda mbwa, na mbavu zinahesabika."

"Ana miaka mingapi?"

"Miaka sikuandika. Alikuwa keshaanza kuua panya kabla mkoa wetu haujakatwa kutoka Mbeya."

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, kwa hiyo bwana mifugo ana hesabu ya kumtosha. Anauliza kama paka amepewa dawa ya minyoo. Bibi anajibu kwamba alipewa, na hamu yake ya chakula haikupungua hata chembe. Anauliza analala wapi. Bibi anasema hilo nalo limemshangaza, maana mwaka huu paka ameyaacha mafiga na kulala juu ya saruji ya barazani, katika baridi ambayo mbwa mwenyewe ameikimbia. Hapo bwana mifugo ananyamaza kidogo, kwa sababu jibu hilo, ambalo bibi amelitoa kama kichekesho, lina thamani kuliko maelezo yote yaliyotangulia.

Upimaji wake hauhitaji chombo. Paka huketishwa akiwa amegeuziwa mgongo mpimaji, kidevu kikainuliwa polepole kwa mkono mmoja bila kumkaba, na kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili vikawekwa pande mbili za koo la pumzi, vikateremshwa kwa wepesi kutoka koromeo mpaka pale shingo inapoingia kifuani. Mnyama akiwa na ugonjwa huu, mara nyingi kitu kidogo kama punje ya haragwe huteleza chini ya kidole, kikaponyoka, kikarudi. Wakati mwingine uvimbe huwa mzito ukateremka ndani ya kifua, na hapo kidole hakipati kitu ilhali ugonjwa upo. Kisha kiganja huwekwa ubavuni, nyuma ya kiwiko cha mkono wa kushoto. Moyo wa paka mzima aliyetulia nyumbani hupiga kiasi cha mara 120 hadi 160 kwa dakika, na akitishwa na mgeni hupanda zaidi ya hapo. Moyo wa paka mwenye ugonjwa huu huweza kupita 240, na mwenye kuuhesabu kwa mkono hupotewa na hesabu.

Ili kuelewa kilichomfika mnyama huyo, yafaa kwanza tuieleze kazi ya tezi yenyewe. Thairoidi huchota kutoka kwenye damu ile chembechembe ambayo Watanzania wameizoea kwa jina la madini joto, na kwayo hutengeneza homoni, ambazo ile kuu kati yake hubeba atomu nne za madini hayo. Homoni ikaenezwa mwilini mwote, na kila kiungo kikapokea kutoka kwake kipimo cha mwendo wake, yaani moyo upige kwa kasi gani, matumbo yasukume kwa kasi gani, chakula kiunguzwe kwa kasi gani. Tezi hii haijiamulii mambo. Iko chini ya amri ya tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, ambayo homoni ikipungua huhimiza, na ikizidi hunyamaza. Sasa, katika shingo ya paka mzee huota vinundu ambavyo vimeacha kusikiliza. Tezi ya ubongo hunyamaza kimya, lakini vinundu huendelea kumimina homoni usiku na mchana, na mwili ukawaka pasipo kipimo: chakula chote anachokula mnyama huteketea, kisha misuli yake mwenyewe nayo ikaanza kuteketea, joto humsumbua akatafuta saruji, kiu humzidi, hutapika, hali ya manyoya yake huharibika kwa sababu hatulii akajilamba, naye hulia usiku kwa sauti ambayo hakuwa nayo. Vinundu hivyo si saratani, ila kwa wachache sana, pungufu ya paka 5 katika 100. Na kwa wengi, takriban 70 katika 100, huota pande zote mbili.

Madhara yasiyoonekana ndiyo mazito. Moyo unaokimbizwa hivyo miezi mingi hunenepa kuta, ukachoka. Shinikizo la damu hupanda, na likipanda sana utando wa ndani wa jicho huweza kubanduka, hata mnyama aliyeona jana akaamka leo anapapasa ukuta. Wako pia wagonjwa wachache ambao mwenendo wao huwa kinyume cha haya yote, wakalegea, wakakataa chakula, wakakaa pembeni. Na hao hata daktari aliyesoma huweza kuwapita.

La ajabu katika habari hii ni upya wake. Paka amekaa na binadamu maelfu ya miaka; katika miji ya pwani yetu, Lamu hasa, amepewa hadhi ambayo wanyama wengi hawakupata, na wanazuoni wa Kiislamu wamekubali tangu kale kwamba yeye si najisi, kwa kuwa ni mwenye kuzunguka miongoni mwa watu nyumbani mwao. Pamoja na ukaribu huo wote, ugonjwa huu haukuelezwa na tabibu yeyote kwa uwazi mpaka mwaka 1979, pale Mark Peterson na wenzake wa New York walipowatambua wagonjwa wa mwanzo. Leo, katika Amerika ya Kaskazini, takriban paka 1 katika kila 10 waliopita umri wa miaka 10 huupata, na ndio ugonjwa wa homoni ulio mkubwa kuliko yote kwa paka wazee wa huko. Je, ulikuwapo na haukuonekana, au ulizuka? Wengine husema paka wa zamani hakuishi miaka ya kutosha kuupata, na hoja hiyo haina ubishi kwa Itaka. Lakini peke yake haitoshi, kwa sababu wapasuaji wa mizoga katika vyuo vya Marekani waliwafungua paka wazee wengi kabla ya miaka ya 1970 na hawakuvikuta vinundu hivyo kwa wingi huo. Hivyo lawama zimeelekezwa kwenye chakula cha makopo, kwenye kemikali zinazotiwa katika magodoro na makochi ili yasishike moto, ambazo hugeuka vumbi na paka akazilamba manyoyani mwake, kwenye soya inayochanganywa katika vyakula hivyo, na kwenye kiwango cha madini joto ambacho katika chakula cha viwandani kimekuwa kikipanda na kushuka mno. Kila moja ina ushahidi kiasi; hakuna iliyothibiti. Mimi naona hoja ya madini joto ndiyo ya kutafakariwa zaidi, si kwa sababu imeshinda nyingine maabara, bali kwa sababu sisi wa upande huu wa dunia tumekwisha kuiona ikitendeka katika shingo za watu.

Nyanda za juu za kusini ni nchi ya rovu. Mbozi iko mbali na bahari na juu ya usawa wake kwa zaidi ya mita 1,400, na mvua za dahari zimeosha udongo wake mpaka madini joto yakabaki haba katika mahindi yaotayo humo na katika maji yanywewayo. Chumvi haikuwa adimu. Kule Ivuna, katika nyanda za chini kuelekea Ziwa Rukwa, watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi tangu takriban karne ya 13, na wachimbuzi wa mambo ya kale, Fagan na Yellen, waliandika habari za mabaki ya kazi hiyo mwaka 1968. Ila utamu wa chumvi hauna dhamana ya madini joto ndani yake, na mzee mwenye uvimbe shingoni, mwanamke hasa, alikuwa ni sehemu ya mandhari ya kijiji. Katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba takriban mwanafunzi 1 katika kila 4 nchini alikuwa na dalili ya rovu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ikasimamia ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na mwaka 1994 zikatungwa kanuni za kulazimisha chumvi itiwe madini hayo kiwandani. Na kufikia mwaka 2004 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka hadi kiasi cha 7 katika 100. Ni miongoni mwa kazi njema za afya zilizofanyika nchini mwetu, na haikupigiwa ngoma inavyostahili. Nasema kwa kupita tu kwamba visiwa vya Unguja na Pemba, vilivyozungukwa na bahari pande zote, vilikutwa katika miaka hiyohiyo bado vina upungufu, kwa sababu chumvi ya huko ilitengenezwa na watu wengi wadogo wadogo wasiotia kitu ndani yake.

Basi mtu wa Itaka, aonapo uvimbe shingoni, anajua tayari maana yake: pana upungufu, na dawa yake ni chumvi ya paketi. Elimu hiyo ni sahihi kwa mtoto wa shule, na ni hatari kwa paka wa bibi. Katika rovu ya upungufu, tezi ya ubongo hupiga kelele bila kukoma kwa sababu homoni haitoshi, na thairoidi hutanuka kwa utii, ikijaribu kutimiza amri bila mali ghafi. Katika paka mzee amri imekwisha kukatika kabisa, na uvimbe ni wa uasi. Mwenye kumtilia paka huyo chumvi katika dagaa, kwa nia njema ya kumrudishia alichokikosa, anayapa maasi silaha.

Na asidhani mtu kwamba uasi huo ni wa paka peke yake. Chumvi yenye madini joto ilipoingia kwa kishindo katika nchi zilizokaa karne nyingi na upungufu, yaliandikwa mambo ambayo hayakutazamiwa: Zimbabwe mwaka 1995, na Kivu, mashariki ya Kongo, mwaka 1996, matabibu walieleza wagonjwa, watu wazima na wazee wenye rovu za miaka mingi, ambao baada ya kupata madini waliyoyakosa maisha yao yote hawakupona, bali walianza kukonda, kutetemeka, kutoka jasho na kwenda mbio mapigo ya moyo, na baadhi yao walihatarisha roho. Sababu ilikuwa kwamba ndani ya rovu hizo kongwe vilikuwamo vinundu vilivyokwisha kuacha kusikiliza amri, visivyoweza kudhuru kwa kukosa mali ghafi. Mali ghafi ilipofika vikaanza kazi. Hilo halikuwa hoja ya kuacha kutia madini katika chumvi, maana walionusurika kwa chumvi hiyo, watoto wachanga kwa watu wazima, ni wengi pasipo kiasi kuliko waliodhurika, na dhara lenyewe hupungua miaka inavyokwenda. Lakini bibi mzee wa Kivu wa mwaka 1996 na paka wa kikapuni wana ugonjwa ulio karibu sana kwa asili, karibu kuliko ulivyo ugonjwa wa bibi huyo na wa mjukuu wake aliye darasani.

Pamoja na haya yote, bwana mifugo mwenye busara hataapa kwa kidole peke yake. Paka mzee hukonda kwa sababu nyingi, na katika kijiji ambacho wanyama hula panya, minyoo hutangulia. Kisha meno yaliyooza, kisha figo, kisha kisukari, ambacho nacho huleta njaa pamoja na kukonda na huhadaa sana, kisha saratani za matumbo. Ithibati ni damu: hupimwa kiwango cha ile homoni ya atomu nne, na kikizidi, shauri limekwisha. Kwa mtu wa Songwe hiyo maana yake ni kumtafuta daktari wa mifugo mjini atakayetoa damu na kuituma maabara, au safari ndefu mpaka hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Na sitamlaumu asemaye kwamba nauli hiyo ingenunua magunia ya mbolea.

Tiba zake ni nne, na tatu kati yake naweza kuzipita upesi. Ya kwanza ni madini joto yenye mnururisho, yanayodungwa mara moja chini ya ngozi: vinundu, kwa ulafi wao, huyameza na kuungua, na sehemu nzima ya tezi, ambayo imelala kwa kuwa tezi ya ubongo imenyamaza, huachwa salama, nguvu ya mnururisho huo hupungua nusu kila siku 8, na takriban wagonjwa 95 katika 100 hupona kwa sindano moja. Ndiyo bora kuliko zote, na kwa wanadamu njia hiyohiyo hutumika katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa paka wa Itaka ni habari ya kusikia. Ya pili ni kisu, ambacho huponya, lakini mpasuaji sharti aviepuke vitezi vidogo vilivyoshikamana na thairoidi ambavyo hutawala chokaa ya damu, na usingizi wa dawa huwa mzito juu ya moyo uliochoka. Ya tatu ni chakula cha kiwandani kilichopunguzwa madini joto, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 2011, ambacho hufaa kwa sharti kwamba mnyama asionje kitu kingine chochote. Na paka mwenye kihenge hawezi kulitimiza sharti hilo, kwa kuwa kila panya amlaye anayo thairoidi yake mwenyewe.

Inabaki dawa ya kumeza. Kabimazoli, ileile wapewayo watu wenye ugonjwa wa jamii hii, mwilini hugeuka kuwa methimazoli, ambayo huizuia tezi isiyafunge madini joto katika homoni. Vinundu haiviui, huvinyima kazi tu, navyo huendelea kukua polepole, kwa hiyo dawa ni ya maisha, aghalabu mara mbili kwa siku, na siku ikikosekana homoni hurudi. Kipimo chake ni kidogo mno ukilinganisha na cha mtu, na ni daktari wa mifugo peke yake apasaye kukitaja. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya kuangaliwa: wengine hutapika na kukataa chakula, wengine hujikuna uso mpaka ukatoka damu, na wachache chembe zao za damu hupungua kwa hatari, na hao dawa husimamishwa mara moja. Damu hupimwa tena baada ya wiki mbili au tatu, na hapo pana jambo ambalo mwenye paka anastahili kuambiwa kabla ya kidonge cha kwanza, wala si baadaye. Moyo unaokimbia hupeleka damu nyingi kwenye figo, na figo zilizochakaa, ambazo paka wa umri huo aghalabu anazo, huonekana nzima kwa msaada huo wa haramu. Mwendo wa damu ukirudi kuwa wa kawaida, uchakavu hudhihiri, na mtu asiyeonywa hudhani dawa ndiyo iliyoharibu figo. Kazi ya daktari hapo ni kutafuta kipimo ambacho moyo utapumzika bila figo kuachwa pasipo damu ya kutosha, na wakati mwingine kipimo hicho huchukua miezi kupatikana.

Kwa bibi wa kikapu, kazi yake ni kutia kidonge ndani ya kipande cha samaki, asubuhi na jioni, na kuhakikisha kimemezwa, kwa sababu paka hodari hula samaki na kukitema kidonge nyuma ya mtungi. Kisisagwe kuwa unga. Katika nyumba yenye mama mjamzito yeye asikishike kabisa, wala asisafishe matapishi au mchanga wa paka huyo kwa mikono mitupu, kwa kuwa dawa hii hufika mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Na ndiyo sababu bwana mifugo, akiona wakwe na mabinti wamejaa uani, atamkabidhi bibi mwenyewe pakiti ya vidonge, amwambie shughuli hii isiachiwe vijana.